Si choo cha maktaba kinachokupa UTI, ni kukikwepa

Mama mmoja, msomaji wa safu hii, ameniuliza swali ambalo nimeona nilijibu kwa kirefu, maana najua si lake peke yake. Maktaba ya mji wao imebandika tangazo mlangoni kwamba vyoo vimefungwa kwa ukarabati kwa miezi mitatu, samahani kwa usumbufu. Watoto wake wawili hushinda pale kila Jumamosi na siku za likizo. Mkubwa ni binti wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani wa taifa wa Novemba. Mdogo ni wa kiume, ana miaka 12, na ana ugonjwa wa sikoseli.

Binti ametibiwa UTI mara tatu mwaka huu, na mama anaamini anaitoa kwenye vyoo hivyo vya maktaba. Kwa hiyo tangazo lile alilipokea kwa furaha. Anataka kujua mambo mawili. Kwanza, vyoo vikishatengenezwa vikawa vipya, UTI ya binti yake itakoma? Pili, katika miezi hii mitatu, awape watoto dawa ya kuzuia UTI kabla hawajatoka nyumbani?

Jibu fupi kwa maswali yote mawili ni hapana. Jibu refu linahitaji tuzungumze kidogo kuhusu kibofu, na pia kuhusu mafundi.

Kila wiki kliniki nasikia sentensi ile ile: “Dokta, hii UTI nimeipata chooni.” Anaisema mwanafunzi, anaisema mfanyakazi wa ofisini, anaisema hata nesi mwenzangu. Imekuwa imani ya taifa. Ukweli ni kwamba bakteria wanaosababisha UTI kwa sehemu kubwa kabisa ni wale waitwao E. coli, na hao hawatoki kwenye sinki la choo la maktaba. Wanatoka kwenye utumbo wako mwenyewe. Wanaishi humo kwa amani, wanatoka na haja kubwa, wanabaki kwenye ngozi ya karibu na njia ya haja, na kutoka hapo wanapanda kwenye njia ya mkojo. Mwanamke ana njia fupi, kama sentimita 4 tu, wakati ya mwanamume hufika kama sentimita 20. Ndiyo maana kina mama na mabinti wanaumwa zaidi.

Unapokaa kwenye choo, kinachogusa sinki ni mapaja na makalio. Njia ya mkojo haigusi kitu. Na hata maji yakikurukia, hayapandi yenyewe hadi kwenye kibofu. Fangasi za ukeni nazo, ambazo wengi huzipa choo lawama, kwa kawaida ni za mwili wenyewe zilizozidi baada ya kutumia antibaiotiki, wakati wa ujauzito, au kwa mtu ambaye kisukari chake hakijadhibitiwa.

Najua unachotaka kuniuliza sasa. Mbona basi kila akienda mahali penye choo kibaya anaumwa?

Anaumwa kwa sababu hakitumii. Fuatilia siku ya binti huyu. Asubuhi anakunywa nusu kikombe cha chai, makusudi, kwa sababu anajua vyoo vya kule vilivyo. Chupa ya maji anaiacha nyumbani. Saa mbili na nusu yuko kwenye kiti chake maktaba. Saa tano kibofu kinamwambia aende, anakinyamazisha. Saa saba kinamwambia tena, anabana miguu na kuendelea na kemia. Saa tisa hawezi tena. Anaingia chooni akiwa ameshika pua, kitasa kimevunjika kwa hiyo mkono mmoja unazuia mlango, anachuchumaa nusu nusu juu ya sinki la kukaa bila kuligusa, misuli ya nyonga imekaza, mkojo unatoka kidogo na kukatika. Anatoka mbio. Kiasi fulani cha mkojo kimebaki ndani.

Mkojo ndio unaosafisha njia yake. Kila unapokojoa vizuri unawasukuma nje bakteria waliokuwa wameanza kupanda. Ukikaa saa saba bila kukojoa, halafu usimalize, umewapa muda, joto na chakula. Katika mazingira mazuri bakteria hawa huongezeka maradufu kwa kila dakika 20 hivi. Kwa hiyo, ndiyo, choo kibovu cha maktaba kinahusika na UTI ya binti, lakini kwa njia ya mzunguko. Kinamfanya afunge koo asubuhi na kibofu mchana.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ambao huwa nawasimulia wagonjwa wangu. Wanawake 140 waliokuwa wakipata UTI mara kwa mara, na ambao kwa kawaida walikuwa wanakunywa maji kidogo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliongeza lita moja na nusu ya maji kwa siku kwa mwaka mzima, jingine likaendelea na mazoea yake. Kundi la maji lilipata wastani wa UTI 1.7 kwa mwaka, na lile jingine 3.2. Ni karibu nusu, na ni maji tu. Lakini niambie, nani atakunywa lita moja na nusu ya ziada akijua mahali anaposhinda hapana choo?

Hapa naomba nichepuke kidogo. Nilipokuwa nasoma udaktari tulikuwa tunakesha maktaba, na wasichana wote wa darasa letu tulijua ni ghorofa ipi ina choo chenye kitasa kinachofunga. Hatukuwahi kukiandika popote, mwaka wa pili aliwarithisha mwaka wa kwanza. Wakati wa mitihani foleni ya pale ilikuwa ndefu kuliko ya vitabu vilivyowekwa akiba. Wenzetu wa kiume hawakujua hata kama kuna siri ya aina hiyo. Nikisikia leo mzazi anasema binti anapoteza muda maktaba kwa kwenda chooni, huwa nacheka peke yangu.

Jambo jingine kuhusu UTI tatu za mwaka huu. Mama, rudi kwenye karatasi za majibu uangalie. Je, binti alikuwa na dalili, yaani kuungua wakati wa kukojoa, kwenda mara kwa mara, maumivu chini ya kitovu? Au alikwenda na kichwa kinachouma na uchovu, akapimwa mkojo, ikaandikwa kuna chembe chache za usaha na bakteria, akapewa dawa? Kuona bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote, kwa binti asiye mjamzito, kwa kawaida si ugonjwa wa kutibu. Kama kweli alikuwa na dalili mara zote tatu, safari ijayo mwombe daktari mkojo uoteshwe maabara kabla ya kuanza dawa, ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamuua. Tunachokiita “UTI sugu” mara nyingine ni dawa isiyo sahihi iliyorudiwa mara tatu, na mara nyingine haikuwa UTI kabisa.

Mtoto mwenye sikoseli

Sasa nije kwa mdogo, kwa sababu nikiwa mkweli, yeye ndiye aliyenifanya nitumie safu nzima. Mama hakumwulizia kwa kirefu. Alimtaja tu.

Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na ni moja ya nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani. Kwa hiyo katika maktaba yoyote ya mji, Jumamosi yoyote, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja wao yupo. Kwa nje hutamjua. Figo zake ziliumia mapema, tangu utotoni, sehemu ile inayokazia mkojo. Wewe na mimi tukinywa maji kidogo, figo zetu zinabana, mkojo unakuwa wa njano iliyokolea. Za kwake haziwezi. Anatoa mkojo mwingi, mwepesi, mchana na usiku, hata asipokunywa. Ndiyo maana wengi wao wanakojoa kitandani hadi umri mkubwa na wanachapwa bure.

Mtoto huyu akipungukiwa maji, chembe zake nyekundu za damu zinajikunja na kukwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapoanza, mifupa ya miguu, mgongo, kifua. Kwa umri wa miaka 12 anahitaji lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku, au kiasi alichopangiwa na kliniki yake, na zaidi siku za joto. Maji hayo yatataka kutoka. Ukimweka mahali pasipo choo kwa saa sita, umemlazimisha achague, aache kunywa au ajikojolee mbele ya wenzake. Mtoto wa miaka 12 atachagua kuacha kunywa, na hatakwambia.

Na liko jambo ambalo kina mama wengi wa watoto wa kiume hawajawahi kuelezwa, kwa aibu. Mtoto wa kiume mwenye sikoseli anaweza kupata hali ya uume kusimama wenyewe, kwa maumivu, bila sababu ya hamu, na usilale. Damu imekwama humo. Kibofu kilichojaa na upungufu wa maji ni kati ya vitu vinavyoweza kuichokoza. Mwambie mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba ikimtokea si kosa lake wala si tabia mbaya, na akwambie hapo hapo. Akojoe, anywe maji, atembee kidogo, apewe dawa ya maumivu. Ikifika saa mbili haijatulia, hospitali, iwe mchana au usiku. Ikipita saa nne bila matibabu inaweza kumharibia maisha yake ya ndoa ya baadaye. Nimewaona vijana waliokaa nalo siku nzima kwa sababu hawakujua wamwambie nani.

Kwa hiyo kwa mtoto huyu choo cha maktaba ni sehemu ya dawa, kama vile vidonge vya foliki asidi anavyomeza asubuhi. Mama, nenda ukazungumze na mkutubi ana kwa ana, kabla ya Jumamosi ijayo. Chukua kadi ya kliniki. Mweleze kwamba mtoto ana ugonjwa unaomlazimu kunywa maji mezani na kwenda haja kila baada ya saa mbili. Maktaba nyingi zinakataza vinywaji karibu na vitabu, na zina haki, lakini chupa yenye kifuniko kinachobana chini ya kiti haijawahi kuozesha kitabu. Mwulize pia watumishi wenyewe wanajisaidia wapi katika miezi hii mitatu. Lazima wana mahali.

Wako wengine pia ambao tangazo lile limewafungia mlango. Mzee anayekuja kila asubuhi kusoma magazeti, tezi dume imevimba, anakwenda kila baada ya saa moja. Akibana sana anaweza kushindwa kukojoa kabisa na kuishia kuwekewa mpira. Mgonjwa wa presha anayemeza dawa ya kutoa maji mwilini, ambaye siku ya kwenda maktaba anaruka kidonge kimya kimya, halafu kliniki tunashangaa presha haishuki. Mjamzito, ambaye kwake hata bakteria wasio na dalili tunawatibu. Mwenye kisukari. Mtumishi wa maktaba mwenyewe, ambaye hakai pale saa mbili bali siku nzima, wiki nzima.

Choo kichafu kinaambukiza nini, basi?

Nisieleweke kwamba choo kichafu hakina madhara. Kinaambukiza, lakini kupitia mikono. Kuhara, homa ya matumbo, homa ya ini aina A, mayai ya minyoo, na kipindupindu kinapozuka, vyote vinasafiri kutoka kwenye kinyesi cha mtu mmoja hadi kinywani mwa mwingine. Njiani vinapita kwenye kitasa, mpini wa kuvutia maji, koki, na ukurasa wa kitabu ambao mtu anaufungua kwa kidole alicholamba. Kunawa mikono kwa sabuni kunapunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo fedha za ukarabati zikiwa chache, mimi daktari ningeanzia kwenye maji na sabuni, marumaru zije baadaye.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona ukarabati wa vyoo vya umma wa aina nyingi, na unafanana. Siku ya ufunguzi marumaru zinang'aa, kioo kikubwa ukutani, utepe, picha. Baada ya miezi sita koki mbili kati ya tatu zimeng'oka, sabuni haijawahi kuwepo tangu ile ya siku ya ufunguzi, maji yanatoka siku tatu kwa wiki kwa sababu hakuna aliyefikiria tangi la akiba, na choo kimoja kizima kilichobaki kina kufuli na maandishi “Watumishi tu”. Tunarudi pale pale.

Wewe kama mzazi huna mamlaka juu ya mkandarasi, lakini una mdomo, na maktaba ya umma ni ya umma. Mradi ukiwa bado uko kwenye michoro au matofali, ndipo pa kuuliza. Uliza kwanza idadi. Mwongozo wa usafi wa shule hapa nchini unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Maktaba si shule, lakini wakati wa likizo hujaa watoto wale wale, na vibofu vyao haviishi ukubwa kwa kubadili jengo. Fikiria maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 2018, yenye uwezo wa kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja. Kila mmoja akienda haja mara mbili tu kwa siku, hizo ni safari 4,200. Maktaba ya mji wako ikiwa na viti 100, piga hesabu yake. Na kumbuka kwamba kugawa matundu sawa kwa sawa kati ya wanawake na wanaume si haki kama inavyoonekana. Mwanamke anatumia muda mrefu zaidi, ana hedhi, mara nyingi ana mtoto mkononi, na wanaume wana sehemu yao ya kukojoa wamesimama.

Kisha uliza vitu vidogo, vile ambavyo mkandarasi hatavikumbuka kwa sababu havimo kwenye bei. Kitasa kinachofunga kwa ndani. Msumari imara au ndoano nyuma ya mlango ya kutundika mkoba na hijabu. Maji ndani ya kila chumba cha choo, iwe bomba la kujisafishia au ndoo na kopo safi, kwa sababu watu wetu wengi wanajisafisha kwa maji na hakuna marumaru itakayobadilisha hilo. Pipa lenye kifuniko la taulo za kike. Bila pipa, pedi inatupwa kwenye sinki, choo kinaziba, halafu tangazo jipya linabandikwa. Pedi inapaswa kubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita. Binti asiye na pa kuitupa ataivaa hadi jioni, au hatakuja maktaba siku hizo tano.

Choo cha kukaa au cha kuchuchumaa? Naulizwa hilo mara nyingi. Kiafya vyote ni vizuri, ubaya ni kuchuchumaa juu ya kile cha kukaa. Viwepo vyote viwili, na mtu achague. Ila angalau kimoja kiwe cha kukaa chenye vishikizo ukutani, mlango mpana kama sentimita 90, na nafasi ya kutosha kiti cha magurudumu kugeuka, yaani duara la mita moja na nusu, na njia ya kukifikia isiwe na ngazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na mzee wetu mwenye magoti mabovu atafaidika na kishikizo hicho hicho.

Kuhusu ufunguo. Maktaba nyingine huweka ufunguo wa choo mezani kwa mhudumu, ili choo kisichafuliwe na wapita njia. Naielewa hofu yao. Lakini msichana wa miaka 16 anayepaswa kuvuka ukumbi mzima uliojaa wavulana, asimame, anong'one, aulizwe “unasemaje?”, atabana. Kama ni lazima ufunguo uwepo, utundikwe mahali anapoweza kuuchukua mwenyewe bila kuomba.

Miezi mitatu ya kubana

Turudi kwenye tangazo. Kufunga vyoo vyote kwa pamoja na kuacha ukumbi wa kusomea wazi ni uamuzi ambao mtu wa afya hawezi kuuunga mkono. Ama vifungwe nusu nusu, wanaume na wanawake wakipokezana zamu kwenye vilivyobaki, ama paletwe vyoo vya muda, ama maktaba ikubaliane kwa maandishi na jirani, shule, msikiti, kanisa, ofisi ya kata, na tangazo liseme wazi ni wapi na ni bure. Neno “bure” liandikwe. Choo cha kulipia cha stendi ni Sh200 au Sh300 kila mara, na mwanafunzi ana nauli tu. Kama hakuna lolote kati ya hayo, mama, punguza saa. Wasome saa mbili na nusu, watoke, wajisaidie mahali mlipokubaliana, wanywe maji, warudi au waende nyumbani. Hakuna somo linalopotea.

Kibofu cha mtoto ni kidogo kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Tunakadiria hivi: umri wake, ongeza moja, zidisha kwa 30. Wa miaka 7 anabeba kama mililita 240, haifiki chupa moja ya soda. Usimwambie akojoe nyumbani kabisa ili asisumbue, halafu utegemee afike mchana. Kila saa mbili hadi tatu, akumbushwe, hata kama anasema hajisikii. Mtoto mdogo akiwa anasoma kitu kinachomnogea hasikii kibofu. Na mtoto anayebana haja kubwa naye anapata choo kigumu, utumbo uliojaa unakandamiza kibofu, anaanza kujilowesha kidogo kidogo. Wazazi wanamleta kwangu kwa kujilowesha, nami ninaanza kwa kutibu choo kigumu.

Vumbi la ukarabati nalo lisisahaulike. Kukata marumaru na kubomoa zege kunatoa vumbi laini linalowasha mapafu. Mtoto mwenye pumu asikae upande huo, na abebe dawa yake ya kuvuta. Rangi mpya ikinuka, madirisha yawe wazi. Vyoo vikikamilika, maji yaliyolala kwenye mabomba kwa miezi yaachwe yatiririke kwa muda kabla mtu hajaanza kunawa nayo. Na yule mama au kaka wa usafi atakayekabidhiwa vyoo vipya aelezwe jambo moja kabla hajapewa brashi: asichanganye dawa ya klorini na asidi ya kusafishia sinki. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha unaweza kumlaza hospitali.

Swali la dawa sasa. Mama, usiwape antibaiotiki ya kuzuia UTI. Antibaiotiki inayomezwa bila ugonjwa inawafundisha bakteria wa tumboni kuizoea, na siku binti atakapoumwa kweli haitafanya kazi. Wapo wachache ambao sisi madaktari tunawapangia dawa ya kinga, lakini ni baada ya kuotesha mkojo na kuangalia figo. Dawa za mdogo za sikoseli ziendelee kama kawaida, haidroksiyurea kama anatumia, na asizipunguze eti kwa sababu zinamlazimu kunywa maji mengi. Penisilini aliyokuwa akipewa alipokuwa chini ya miaka mitano ilikuwa kumkinga na bakteria wa nimonia na wa damu. Haikuwa ya UTI, usiirudishe kwa kusudi hilo.

Binti akirudi nyumbani anaungua anapokojoa, anywe maji na aende kituo cha afya kesho yake asubuhi na mkojo upimwe kabla ya dawa. Akiwa na homa, anatetemeka, anatapika, au ana maumivu ubavuni chini ya mbavu za mgongo, usisubiri kesho, maambukizi yamepanda kwenye figo. Kwa mdogo, homa ya nyuzi 38 au zaidi peke yake inatosha kumpeleka hospitali usiku huo huo, hata kama anacheza. Weka kipimajoto nyumbani, na namba ya bodaboda unayemwamini.